Kabla hujalipia simu, ikague modemu yake

Wateja wanaosimama mbele ya meza yangu Kariakoo huuliza kamera, huuliza chaji, huuliza ina GB ngapi. Swali ninalotamani waulize ni jingine: simu hii ikikutana na mnara wa uongo, yaani mtambo wa mwizi unaojifanya mnara wa kampuni ya simu, itafanya nini?

Ndani ya simu janja kuna kompyuta mbili. Ya kwanza unaiona kila siku, ndiyo yenye WhatsApp na picha zako. Ya pili ni modemu. Ina prosesa yake, ina programu yake iliyofungwa na mtengenezaji, na ndiyo inayozungumza na minara usiku na mchana hata simu ikiwa imelala mfukoni. Ulinzi wa laini yako kwa sehemu kubwa uko humo. Hakuna kitu utakachopakua Play Store kikaipa modemu uwezo ambao haikutoka nao kiwandani, na nimeona watu wengi wakipoteza bando kwa programu zinazoahidi hivyo. Ndiyo maana nasema ukaguzi ufanyike dukani, pesa ikiwa bado mkononi. Kama simu umeshainunua, hatua ni zilezile. Tofauti ni kwamba utajua mipaka yake badala ya kuibadilisha.

Hatua ya 1: Piga simu ukiangalia herufi za juu

Weka laini yako, zima Wi-Fi, washa data. Pembeni mwa vijiti vya mtandao kuna herufi. G au E ni kizazi cha pili, yaani 2G. 3G, H au H+ ni kizazi cha tatu. 4G au LTE inajieleza.

Sasa mpigie mtu yeyote, na wakati simu inaita usiondoe macho pale juu. Herufi ikibaki 4G, sauti yako inapita kwenye 4G yenyewe, kwa utaratibu unaoitwa VoLTE. Ikishuka kuwa H, sauti imehamia 3G, na hapo bado uko mahali pazuri. Ikishuka kuwa E, au alama ya data ikapotea kabisa mpaka ukate simu, kuna uwezekano mkubwa maongezi yako yamekwenda kwenye 2G. Jaribu tena ukiwa sehemu nyingine ya mji kabla hujaihukumu simu, maana huenda ni mtandao wa pale ulipo. Lakini simu ambayo kila mahali inashuka kwenye E wakati simu nyingine yenye laini ya kampuni ileile inabaki juu, hiyo ina upungufu wake yenyewe.

Kwa nini nahangaika na 2G? Simu ya kwanza ya mtandao wa GSM, ndiyo hiyo 2G, ilipigwa Ufini mwaka 1991, na waliousanifu hawakudhani raia wa kawaida angeweza kujitengenezea mnara. Fikiria mgeni anayepiga hodi. Kwenye 2G, simu inabisha hodi, mnara unauliza "nani?", na simu inajieleza mpaka mwisho kwa kutumia siri iliyo ndani ya laini. Simu haina ruhusa ya kuuliza "na wewe je, ni nani?" Yeyote anayeitikia karibu, inamwamini. Tena ni mnara unaoamua kama maongezi yatasimbwa, yaani yatageuzwa fumbo ili mwingine asiyasikilize, au yatapita wazi. Usimbaji wenyewe, ule wa A5/1, ni dhaifu: mwaka 2009 mtaalamu wa Ujerumani Karsten Nohl alitangaza mradi wa kutengeneza majedwali ya kuuvunja kwa kompyuta za kawaida. Kuanzia 3G, pande zote mbili huulizana. Kwa hiyo mwizi mwenye mnara bandia ana kazi moja kubwa: kuishusha simu yako mpaka 2G.

Na wezi wa aina hiyo wapo. Mwishoni mwa 2022 polisi wa Paris walisimamisha gari wakakuta ndani kifaa ambacho mwanzoni kilidhaniwa ni bomu. Kumbe ni mnara bandia, ulikuwa ukizungushwa mitaani na kurusha ujumbe uliojifanya umetoka bima ya afya ya Ufaransa. Mwaka 2024 polisi wa London nao walikamata watu kwa mtambo wa namna hiyo. Sisi tuliozoea "ile hela nitumie kwenye namba hii" tumejifunza kumtilia shaka mtu wa namba ngeni. Ujumbe wa mnara bandia hauji na namba ngeni. Unaweza kuja na jina la benki yako au la kampuni yako ya simu, na simu ikaupanga kwenye mazungumzo yaleyale yenye risiti zako halisi za miamala. Kampuni ya simu haiwezi kuuzuia, kwa sababu haukupita kwake.

Hatua ya 2: Uliza kitambulisho cha simu

Bonyeza *#06#. Itatokea IMEI, namba yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili itaonyesha mbili. Ilinganishe na ile iliyoko kwenye boksi, na ile inayoonekana kwenye Mipangilio sehemu ya Kuhusu simu. Zikitofautiana hata tarakimu moja, rudisha simu mezani. Tanzania unaweza pia kuituma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, ukajibiwa ni simu ya aina gani. Ukishika Tecno mkononi na jibu likasema ni Nokia, usiendelee na mazungumzo ya bei. Wanaokumbuka Juni 16, 2016, siku simu bandia zilipozimwa nchini, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna hesabu ndogo ninayowafundisha vijana wangu, inafanyika kwenye kipande cha karatasi. Chukua namba ya mfano 490154203237518. Weka kando tarakimu ya mwisho, 8. Katika 14 zilizobaki, zidisha kwa mbili kila ya pili: 9, 1, 4, 0, 2, 7, 1. Unapata 18, 2, 8, 0, 4, 14, 2. Zilizozidi tisa zivunje: 18 ni 1 na 8, yaani 9; 14 ni 1 na 4, yaani 5. Jumla yake ni 30. Ongeza zile ambazo hukuzigusa, 4, 0, 5, 2, 3, 3, 5, ambazo ni 22. Umefika 52. Kutoka 52 mpaka kumi inayofuata, 60, inahitajika 8, ileile uliyoiweka kando. IMEI isiyokubali hesabu hii imebuniwa. Inayokubali inaweza bado kuwa imeibwa kwenye simu nyingine, kwa hiyo usiache kulinganisha na boksi.

Hatua ya 3: Tafuta jina la modemu na tarehe ya marekebisho

Kwenye Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha Toleo la Android. Kuna mstari wa neno baseband: huo ndio toleo la programu ya modemu. Mlolongo wa herufi uliopo hapo hauna haja ya kuusoma, piga picha tu. Baada ya simu kusasishwa, rudi ulinganishe. Ukibadilika, modemu yako inahudumiwa. Kwenye iPhone ni General, About, mstari wa Modem Firmware. Na mstari huo ukiwa mtupu au umeandika haijulikani, hapo ubao wa simu una ugonjwa, au kuna mtu alishacheza na programu yake. Usiinunue simu hiyo hata kwa bei ya kutupa.

Sehemu hiyohiyo ya Android kuna tarehe ya sasisho la usalama. Watu huangalia mwezi na mwaka. Mimi naangalia mpaka siku, kwa sababu huwa ni tarehe 1 au tarehe 5. Tarehe 1 ina maana marekebisho ya mfumo wa Android wenyewe yameingia. Tarehe 5 inajumlisha na yale ya watengenezaji wa chipu, Qualcomm, MediaTek, Unisoc na wenzao, na matundu ya modemu huzibwa humo. Simu yenye tarehe 1 si lazima iwe imeachwa wazi, ila yenye 5 imekupa ahadi kamili.

Matundu ya modemu si hadithi. Machi 2023 watafiti wa Google walitangaza kasoro 18 kwenye modemu za Exynos zinazotengenezwa na Samsung. Nne kati yake zilimruhusu mshambuliaji kuingia kwenye modemu akiwa na namba yako ya simu tu, bila wewe kubonyeza chochote. Ushauri wa muda ulikuwa kuzima VoLTE, na kuzima pia huduma ya kupiga simu kwa Wi-Fi, mpaka sasisho lifike. Mwenye simu iliyokuwa bado inasasishwa alisubiri likaja. Mwenye simu iliyoachwa na kiwanda chake alibaki hivyo. Binafsi, simu ambayo sasisho lake la mwisho limepita miaka miwili simpi mtu anayefanya uwakala wa fedha, hata kama kioo chake kinang'aa.

Hatua ya 4: Tafuta swichi ya 2G

Hapa ndipo nakaa na mteja muda mrefu zaidi. Android 12 ilileta swichi ya kuikataza modemu kabisa isizungumze na mnara wa 2G, lakini haionekani kwenye kila simu yenye Android 12 au zaidi. Inahitaji modemu inayoielewa amri hiyo. Pixel 6 ya Google na zilizofuata zinayo, na Galaxy nyingi za Samsung za miaka ya karibuni zinayo pia. Simu za bei ya chini nyingi hazina.

Kwenye Pixel na zinazofanana nayo, ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, SIM, gusa jina la laini, shuka chini mpaka uone Ruhusu 2G. Kwenye Samsung ni sehemu ya miunganisho, kisha mitandao ya simu. Simu ya laini mbili ina swichi mbili, moja kwa kila laini, na wengi husahau ya pili. Ukiikosa, weka laini ya kampuni nyingine ujaribu tena, maana wakati mwingine ni mipangilio ya kampuni ya simu iliyoificha. Ukiikosa na hapo, kubali kwamba haipo.

Simu isiyo na swichi ina njia ya uchochoroni. Bonyeza *#*#4636#*#* kama unapiga simu. Kwenye simu nyingi utafunguka ukurasa wa majaribio, ingia taarifa za simu, utaona orodha ya aina za mtandao. Chaguo la LTE/WCDMA linaacha 4G na 3G na kuitoa 2G. Usichague LTE peke yake kama hatua ya kwanza ilikuonyesha simu yako inashuka unapopiga, utabaki na data bila kupigiwa. Na njia hii haidumu: zima simu uwashe, huenda imerudi ilikokuwa. Ndiyo tofauti kati ya kuiomba modemu na kuikataza.

Ukishazima 2G usiondoke mezani. Piga simu. Pokea simu. Tuma ujumbe. Kisha fungua menyu ya pesa, *150*00# au *150*60# au *150*01# kulingana na laini yako, uangalie salio. Kwa wa Safaricom ni *334#. Menyu hizi hupita njia tofauti na data, na ni bora ujue hapa kwamba zinafunguka kuliko kujua ukiwa kituo cha mafuta. Rudia jaribio hilo nyumbani, kazini, na kwenye ile sehemu ya njiani ambako mtandao huwa unayumba.

Hili la kujaribu nimelijua kwa kumuumiza mama yangu. Nilimzimia 2G kwenye simu yake hapa Dar es Salaam, nikajiona nimemtendea jambo jema, akapanda basi kurudi Lushoto. Upande wake wa mlima mnara unaomfikia wakati ule ulikuwa unatoa 2G tu. Siku mbili simu yake haikupatikana. Dada alituma hela ya dawa na hakuna aliyejua kama imefika, mpaka jirani akaenda kwake kwa miguu akamkuta ameiweka simu juu ya kabati, akidhani imekufa. Nilielekeza kwa simu ya jirani jinsi ya kuirudisha swichi, neno kwa neno, na mikono ilikuwa inanitetemeka. Tangu siku hiyo simzimii mtu 2G kabla sijamuuliza anaishi wapi, anasafiri wapi, na kule kwao vijiti vya mtandao vinaambatana na herufi gani.

Anayeishi mjini azime moja kwa moja. Anayesafiri azime mjini na ajifunze mwenyewe kuwasha akifika kijijini. Mwonyeshe mpaka afanye bila wewe kugusa. Wa kijijini kwenye E peke yake aache ilivyo, na nguvu zake aziweke kwenye hatua ya sita. Kwenye Android swichi hii haizuii simu za dharura: hizo huruhusiwa kupita 2G hata ikiwa imezimwa.

Kwenye iPhone hakuna swichi ya 2G peke yake. Kuanzia iOS 17 ya mwaka 2023, 2G huzimwa ndani ya kile kilichoandikwa Lockdown Mode, sehemu ya Privacy & Security. Lakini hali hiyo inabana mengi zaidi: viambatanisho vya ujumbe, baadhi ya kurasa za tovuti, simu za FaceTime kutoka kwa usiowajua. Mwandishi wa habari za uchunguzi au wakili wa kesi nzito ningemshauri aiwashe leo. Mama ntilie anayetumia iPhone kupokea oda, sidhani.

Hatua ya 5: Usimbaji wa lazima na tahadhari

Android 14 iliongeza swichi nyingine jirani na ile ya 2G: kuilazimisha modemu ikatae muunganisho usiosimbwa kabisa. Ukiiona, iwashe. Inaweza kukukosesha mtandao mahali fulani, nayo inakuambia hivyo yenyewe, na kwa simu za dharura haiweki sharti hilo.

Hatua ya juu zaidi ni simu kukuonya. Uwezo huo umeingia kwenye Android 15 na 16: modemu inatoa taarifa pale mtandao unapoacha kusimba, au unapoidai namba ya siri ya utambulisho ya laini yako au IMEI. Ukiwa nayo utaiona kwenye Usalama na faragha, ukurasa wa usalama wa mtandao wa simu, pamoja na ulinzi dhidi ya 2G. Modemu ndiyo inayoamua hapa pia, kwa hiyo kupandisha Android kwenye simu ya zamani hakuleti ukurasa huo. Pixel 10 ya 2025 ni miongoni mwa simu za kwanza kuwa nao. Tahadhari hizo zikianza kuja kwenye simu za laki tatu nitafurahi sana.

Neno moja kuhusu 5G, kwa kuwa wauzaji wanaitaja kama ngao. Ni kweli 5G kamili inaweza kuificha namba ya utambulisho ya laini kabla haijarushwa hewani. Lakini mitandao mingi ya 5G bado imeegemea 4G kwa mawasiliano ya udhibiti, na hapo ufichaji huo haupo. Laini ya zamani nayo huenda haina ufunguo unaohitajika. Alama ya 5G juu ya kioo inakuambia kasi.

Hatua ya 6: Funga laini yenyewe

Laini nayo ni kompyuta ndogo, na ina mlango wake. Mwizi wa bodaboda akikukwapulia simu, hahitaji nywila ya kioo. Anachomoa laini, anaiweka kwenye kiswaswadu, na ujumbe wa kuthibitisha akaunti zako unamfikia yeye. PIN ya laini ndiyo inayomzuia.

Kabla ya kuiwasha, tafuta mambo mawili: PIN iliyowekwa na kampuni na namba ya PUK, ile ya kuifungulia laini PIN ikikosewa. Mara nyingi yako kwenye ile plastiki kubwa laini ilipotolewa. Ulishaitupa? Piga huduma kwa wateja, Tanzania ni 100, uulize kwanza. Kisha kwenye Android tafuta sehemu ya kufunga SIM ndani ya mipangilio ya usalama. Kwenye iPhone ni SIM PIN. Ingiza PIN ya kampuni, uibadilishe iwe yako. Usibahatishe: ukikosea mara tatu laini inadai PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa, utakwenda kupanga foleni ya kupata nyingine. Jaribu kwa kuzima simu na kuiwasha.

PIN hiyo haimzuii anayekwenda kurudishiwa laini yako kwa jina lako. Kwa hilo piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukihisi mnara si wa kweli

Uko katikati ya mji, mahali ambapo 4G haijawahi kukukosa, ghafla simu inashuka kwenye E, na ndani ya dakika moja unaingia ujumbe wa benki wenye kiungo cha kubonyeza. Usibonyeze. Washa hali ya ndegeni, andika saa na mahali ulipo, sogea mtaa mmoja au miwili, uizime. Herufi ikirudi 4G piga 100, uwape saa, mahali na maneno ya ujumbe. Minara bandia hutafutwa kwa taarifa za namna hiyo, na inayorushwa kutoka kwenye gari haikai sehemu moja. Kama ujumbe una namba ya mtu wa kumtumia fedha, Tanzania namba hiyo itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Ujumbe wenyewe usiufute, hata ukiwa unakuudhi, mpaka umeshaupiga picha pamoja na jina la mtumaji lilivyoandikwa pale juu.